Seva Inayoanguka Bila Kuacha Neno: Jinsi ya Kutafuta Hitilafu ya Diski, Umeme na RAM

Ofisi nyingi za Nairobi, hasa za vyama vya akiba na mikopo, shule, zahanati na maduka ya jumla, hutegemea seva moja tu inayobeba kazi yote, na mara nyingi seva hiyo huwekwa katika chumba kidogo nyuma ya mapokezi, kando ya UPS (kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika) ambayo hakuna anayekumbuka betri yake ilibadilishwa lini. Seva ya namna hii inapoanza kuanguka, humchanganya kila mtu. Huzimika saa tano asubuhi foleni ya wanachama ikiwa imefika mlangoni, huwashwa, hufanya kazi kwa siku kadhaa bila neno, kisha huzimika tena usiku wa manane. Fundi hufungua logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mashine, akakuta zinaishia katikati ya shughuli za kawaida, na kuanzia hapo kinachofuata aghalabu ni kubahatisha: mfumo husakinishwa upya, RAM hubadilishwa, diski hulaumiwa, na fedha hutumika kabla chanzo hakijajulikana.

Hoja yangu ni kwamba seva inayoanguka kwa sababu ya kifaa kibovu huacha ushahidi karibu kila mara, ila ushahidi huo hauko mahali tulipozoea kuutafuta. Na ikiwa kibovu ni diski, basi mahali tulipozoea ndipo hasa unapopotelea. Mifano nitakayoitoa ni ya Linux, kwa sababu ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya seva hizi, lakini mantiki yake haibadiliki sana kwenye mifumo mingine.

Kwa nini logi hunyamaza

Keneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, inaposhindwa kusoma au kuandika kwenye diski, ujumbe wa kosa hilo huwekwa kwanza ndani ya RAM, kumbukumbu ya muda inayofutika umeme ukizimwa, katika sehemu ndogo ambayo amri ya dmesg huisoma. Baadaye huduma ya logi huuchukua na kuuandika kwenye diski, kwa kawaida chini ya /var/log. Diski ikiwa ndiyo iliyogoma, hatua hiyo ya pili haifanyiki. Ujumbe hubaki kwenye RAM ukisubiri, na mtu anapobonyeza kitufe cha kuzimia, ushahidi wote hupotea. Ndiyo maana logi iliyonyamaza ghafla haimaanishi kwamba hakuna kilichotokea, na mimi huihesabu kuwa ushahidi dhaifu dhidi ya diski au dhidi ya umeme hadi moja kati ya hizo iondolewe lawama.

Kuna hali moja inayofaa kutambuliwa kwa macho. Katika Debian na Ubuntu, ambazo ni aina mbili za Linux, mfumo mkuu wa faili wa aina ya ext4 kwa kawaida huwekwa ujifunge usiandikwe tena pindi keneli inapokuta kosa ndani yake, ili uharibifu usienee. Seva iliyofikia hapo haijafa kabisa: hujibu ikiitwa kwenye mtandao kwa amri ya ping, na huenda hata ukurasa wa kuingilia ukafunguka, lakini hifadhidata inakataa kuandika muamala wowote na programu zinatoa makosa yasiyoeleweka. Hapo ndipo karani hushauriwa aizime na kuiwasha, ushauri ambao unafuta kila kitu. Kabla kitufe hakijabonyezwa, skrini ipigwe picha kwa simu, na kama kuna uwezekano wa kuingia, dmesg iendeshwe na matokeo yake yatumwe kwenye kompyuta nyingine au flashi. Ukikuta mstari wenye maneno "I/O error, dev sda, sector" na namba, ukifuatwa na "EXT4-fs error", kisha "Remounting filesystem read-only", umepata katika mistari mitatu kile ambacho wiki nzima ya kubadilisha vipuri isingekupa.

Kwa kuwa hatuwezi kutegemea kuwa na mtu mbele ya skrini kila mara, ni lazima ushahidi upelekwe nje ya diski kabla ya anguko linalofuata. Seva halisi za Dell na HP zina kompyuta ndogo ya usimamizi ndani yake, inayojulikana kama iDRAC kwa Dell na iLO kwa HP, ambayo hutunza orodha yake ya matukio kwenye chipu yake yenyewe. Amri ya ipmitool sel list huisoma, na humo ndimo utakuta kwamba pawa saplai ilipoteza umeme, kwamba feni fulani ilisimama, au kwamba kipande fulani cha RAM kilitoa makosa. Inasikitisha ni mara ngapi orodha hiyo haifunguliwi kabisa. Kwa kompyuta ya kawaida iliyogeuzwa kuwa seva, ambayo haina chipu hiyo, kuna njia isiyogharimu chochote: netconsole, sehemu ya keneli inayotuma ujumbe wake moja kwa moja kwenye mtandao kwenda kompyuta nyingine bila kupitia diski. Laptopu yoyote ofisini yaweza kupokea. Vilevile hakikisha kwamba logi za nyuma zinatunzwa baada ya kuwashwa upya. Amri ya journalctl --list-boots ikionyesha mwasho mmoja tu, basi logi zako zinakaa kwenye RAM na zinafutika kila mara.

Namna ya kuanguka ina maana yake

Kabla ya kufungua kasha, uliza imeangukaje. Seva iliyozimika au kujiwasha upya papo hapo bila ujumbe wowote, hata kwenye netconsole, inaelekeza kidole kwenye umeme, pawa saplai au joto, kwa sababu keneli haikupata nafasi ya kusema. Iliyosimama na maandishi ya "Kernel panic" kwenye skrini ilipata nafasi hiyo, na mara nyingi shida ni RAM, kichakataji au programu ya kiendeshi. Iliyokwama kwa dakika moja au mbili kisha ikaendelea, taa ya diski ikiwaka bila kuzima, karibu kila mara ni diski. Ile iliyo hai nusu nimekwisha kuieleza.

Kuna anguko ambalo si anguko: keneli inapokosa RAM huua programu kubwa kuliko zote, ambayo kwa kawaida ni hifadhidata. Tafuta "Out of memory: Killed process" kwenye logi. Kuliondoa swali hilo huchukua dakika moja, na ukilipata, acha kabisa kutafuta kifaa kibovu.

Swali la pili ni kama seva huangukia mahali pamoja au mahali tofauti. Ikianguka kila mara inapofika kwenye faili ileile, fikiria sekta mbovu, yaani kipande kidogo cha diski kisichosomeka. Ikianguka leo ndani ya hifadhidata, kesho ndani ya programu ya barua pepe, na keshokutwa ikiwa haifanyi lolote, fikiria RAM au umeme.

Swali la tatu ni la saa. Bakapu ya usiku wa manane hulazimisha diski isome sehemu ambazo hazijaguswa kwa miezi, kwa hiyo sekta iliyooza kimya hujitokeza hapo. Debian, kwenye mashine zenye RAID ya programu (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja ili moja ikifa data ibaki), hukagua diski zote usiku wa Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Seva inayoanguka usiku huo huwa imeletewa mzigo wa diski zote kusoma kwa pamoja, na mzigo huo hufichua diski mbovu na pia pawa saplai dhaifu. Na ikiwa seva huanguka kila baada ya wiki mbili karibu saa ileile, tazama UPS kabla ya kitu kingine chochote. Baadhi ya UPS hujipima zenyewe kila baada ya siku 14 kwa kuuhamishia mzigo kwenye betri kwa muda mfupi. Betri ikiwa imekufa, jaribio hilo la usalama ndilo linaloiangusha seva, huku umeme wa ukutani ukiwa haujakatika hata kidogo.

Diski

Diski ya sahani (HDD) huandika data katika sekta, na kila sekta hubeba biti za ziada za kusahihisha makosa. Sekta ikisomeka kwa shida, diski hujaribu tena na tena yenyewe kabla ya kukata tamaa. Diski zilizotengenezwa kwa kompyuta za mezani huweza kung'ang'ania sekta moja kwa zaidi ya dakika nzima, kwa kuwa zinachukulia kwamba hiyo ndiyo nakala pekee ya data. Diski zilizotengenezwa kwa seva huacha baada ya takriban sekunde 7 na kurudisha kosa, kwa kuwa zinatarajia kukaa katika RAID ambamo diski nyingine ina data hiyohiyo. Keneli ya Linux, kwa upande wake, husubiri sekunde 30. Sasa weka diski ya mezani kwenye seva, jambo ambalo hapa kwetu ni la kawaida kwa sababu ya bei: diski ingali inahangaika na sekta moja, sekunde 30 zinakwisha, keneli inaona kwamba diski imeacha kujibu, inaivunjia mawasiliano na kujaribu kuiamsha, na ikishindwa inaitoa kwenye mfumo. Sekta moja yenye ukubwa wa baiti 4,096 imeiangusha seva yote.

Hilo lina dawa. Diski nyingi zinazokubali kuwekewa kikomo hupokea amri ya smartctl -l scterc,70,70 ikifuatiwa na jina la diski. Namba 70 ni sehemu za kumi za sekunde, yaani sekunde 7. Mpangilio huo kwa kawaida hupotea diski ikizimwa, kwa hiyo uwekwe miongoni mwa amri za kuanzia. Diski isipokubali, fanya kinyume chake: ongeza subira ya keneli kwa kuandika 180 katika faili ya timeout ya diski hiyo, ambayo kwa diski ya kwanza ni /sys/block/sda/device/timeout. Seva itakwama kwa muda inapogusa sekta mbovu, lakini haitaipoteza diski nzima.

Ili kujua hali ya diski yenyewe, kila diski hutunza hesabu zake kwa utaratibu uitwao SMART, na amri ya smartctl -a huzionyesha. Orodha ni ndefu na nyingi ya namba zake zinatisha bure. Kwa seva inayoanguka mimi huanza na nne. Namba 5 huhesabu sekta zilizokwisha kuhamishiwa kwenye akiba ya diski. Namba 197 huhesabu sekta zinazosubiri: diski ilishindwa kuzisoma, na haiwezi kuamua hatima yake hadi mtu aandike juu yake, zikiandikwa, ama zitakubali na kurudi kazini, ama zitahamishiwa kwenye akiba na kuongeza namba 5. Ndiyo sababu namba 197 huweza kupanda na kushuka, na fundi aliyeikuta sifuri leo asidhani kwamba aliyeiona jana alidanganya. Namba 198 huhesabu zile zilizoshindikana wakati diski ilipojikagua.

Namba 199 ni ya aina tofauti kabisa, na kutoielewa kumewafanya watu watupe diski zisizo na kosa. Huhesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na kidhibiti, yaani chipu inayoiunganisha na mashine, si juu ya sahani. Ikiongezeka, mshukiwa ni kebo ya data ya diski (SATA), kiunganishi chake, au mahali diski inapochomekwa. Badilisha kebo kwanza. Hesabu hiyo hairudi nyuma kamwe, kwa hiyo idadi yake ya leo haisemi lolote mpaka uilinganishe na ya kesho. Iandike pembeni pamoja na tarehe, badilisha kebo, kisha uitazame tena. Diski zikiwa nyuma ya kidhibiti cha RAID, smartctl huhitaji kuambiwa hivyo, kwa mfano kwa kuongeza -d megaraid,0 kwa diski ya kwanza ya kidhibiti cha aina hiyo. Bila hivyo utaona diski ya kubuni isiyo na hesabu zozote, na kudhani yote ni salama.

Hata ukiona namba zote ni sifuri, usiitangaze diski kuwa nzima. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000 na wakakuta kwamba zaidi ya asilimia 56 ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote katika hesabu nne za SMART zenye nguvu kubwa zaidi ya kutabiri kifo. Upande wa pili wa matokeo yao ndio wa kutilia maanani unapoona namba imeanza kupanda: diski iliyopata kosa lake la kwanza la ukaguzi ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko ile isiyo na kosa. Kwa maneno mengine, SMART ikikuonya, isikilize. Ikinyamaza, endelea kutafuta.

Ukishashuku diski, mpangilio wa hatua unakuwa na uzito kuliko hatua zenyewe. Wengi hukimbilia fsck ili kuurekebisha mfumo wa faili. Fsck huandika, na kuandika kwenye diski inayokufa huweza kugeuza faili zilizoharibika kidogo kuwa faili zisizopatikana tena. Jaribio refu la smartctl -t long nalo, ingawa halifuti kitu, huilazimisha diski kusoma kila sekta yake kwa saa nyingi, na diski dhaifu yaweza isiumalize usiku huo. Kwanza nakili. GNU ddrescue iliundwa kwa kazi hii: hunakili sehemu zinazosomeka kwa urahisi kwanza, huziruka zenye shida, kisha huzirudia mwishoni, ikitunza ramani ya ilipofikia ili kazi ikikatizwa iendelee pale ilipoachia. Nakala ikiwa mkononi, fsck iendeshwe juu ya nakala. Jaribio refu lifuate, na smartctl -l selftest itakuonyesha sekta ya kwanza iliyoshindikana.

Ikiwa diski mbili au tatu zimetoweka kwenye RAID kwa dakika moja, ziache kwanza. Diski hazifi kwa mpango wa pamoja kiasi hicho, hata kama zilinunuliwa siku moja. Kilichokufa ni kitu zinachokishiriki: kidhibiti, ubao zinakochomekwa, kebo ya umeme inayozilisha zote, au pawa saplai. Kosa kubwa hapa ni kuianza RAID upya ikiwa tupu ili mambo yaendelee, wakati diski zote zingali na data yake.

SSD, diski ya chipu isiyo na sahani, hufa kwa desturi nyingine. Haina sekta inayochoka polepole kwa namna unayoweza kuisikia ikigonga. Mara nyingi hutoweka yote kwa mpigo, na baada ya kuzimwa kabisa na kuwashwa hurudi kana kwamba hakuna lililotokea. Mara kadhaa chanzo kimekuwa programu dhibiti iliyo ndani yake. Mwaka 2012 Crucial ilitoa marekebisho ya SSD yake ya m4 kwa sababu, baada ya saa 5,184 za kuwa kazini, ilikuwa ikiacha kujibu, na baada ya kuwashwa upya ikaacha tena kila baada ya takriban saa moja. Mwaka 2019 HPE, kampuni ya seva iliyotokana na HP, iliwatahadharisha wateja kwamba baadhi ya SSD zake za SAS zingekufa kabisa, pamoja na data, zikifikisha saa 32,768, ambazo ni miaka 3, siku 270 na saa 8. Namba 32,768 ndipo kihesabu cha biti 15 kinapofurika. Wazia seva iliyonunuliwa na SSD nne za siku moja, zikawashwa siku moja: RAID haiwezi kuokoa kitu ambacho kinakufa kwa saa. Kwa hiyo, kwa SSD, soma saa za kazi, soma toleo la programu dhibiti, na utazame kama mtengenezaji ametoa marekebisho kabla ya kuihukumu. Kwa SSD za aina ya NVMe za bei nafuu, ujumbe wa "controller is down; will reset" huweza kutoka kwenye hali ya kujipumzisha ili kupunguza umeme, na huzimwa kwa kuweka nvme_core.default_ps_max_latency_us=0 miongoni mwa vigezo vya keneli; seva ikitulia baada ya hapo, umeepuka kununua diski.

Umeme wetu na pawa saplai

Stima ikipotea mtaa mzima, kila mtu anajua. Kenya imepata kuwa gizani yote kwa ajili ya tumbili aliyeanguka juu ya transfoma katika kituo cha Gitaru mnamo Juni 2016, na Agosti 2023 kukatika kwa umeme kulifika hadi kwenye uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Maangusho ya namna hiyo hayana fumbo. Fumbo huletwa na mporomoko mfupi wa volti, ule ambao taa hupepesa mara moja, kompyuta za makarani zikaendelea, na seva pekee ikajiwasha upya.

Sababu yake ipo ndani ya pawa saplai. Kapasita zake hutunza umeme wa kutosha kuibeba mashine kwa kitambo kidogo mkondo unapokatika. Vipimo vya ATX, ambavyo pawa saplai za kompyuta za kawaida hufuata, kwa miaka mingi vilidai takriban milisekunde 16 kwa mzigo kamili, ilhali mzunguko mmoja wa umeme wetu wa hezi 50 ni milisekunde 20. Kapasita huzeeka, hasa kwenye joto, na zikizeeka kitambo hicho hupungua. UPS za aina ya kawaida huchukua milisekunde chache, hata kufikia 10, kuhamia kwenye betri. Pawa saplai mpya huvuka pengo hilo bila kuhisi, iliyochoka huangukia humo. Fundi anayesema UPS ni nzima na umeme ni mzima aweza kuwa amesema kweli kwa vyote viwili, na bado seva ikawa inaanguka.

Kuna mpangilio katika BIOS, programu ya kuwashia mashine, unaoamua mashine ifanye nini umeme unaporudi. Uweke ibaki imezimwa, kwa muda wa uchunguzi tu. Ukiikuta imezimwa, inaelekea ilipoteza umeme au ilijizima kwa joto; ukiikuta imejiwasha upya yenyewe, tafuta kwenye keneli, RAM na kapasita za mathabodi. Seva yenye pawa saplai mbili ni rahisi zaidi: chomeka moja kwenye UPS na nyingine moja kwa moja ukutani, kisha usome orodha ya iDRAC au iLO kuona ni ipi iliyolalamika.

Joto, na RAM

Nairobi iko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi hubeba joto kidogo kuliko ya Mombasa kwa kila mzunguko wa feni. Viwango vya daraja la A2 vya ASHRAE, chama cha wahandisi wa upoozaji na hewa, vinavyofuatwa na watengenezaji wengi, huruhusu hewa inayoingia kwenye seva ifike nyuzi 35 za selsiasi hadi kimo cha mita 900, kisha hupunguza nyuzi 1 kwa kila mita 300. Kwetu hapa kikomo ni kama nyuzi 32. Jiji letu ni la baridi, naam, lakini chumba kisicho na dirisha ambacho mlinzi amekizimia kiyoyozi Ijumaa jioni hupita kiwango hicho kwa urahisi mwezi wa Februari. Kichakataji kikizidi joto hukata umeme chenyewe bila kuandika neno. Futa vumbi, thibitisha kwamba kila feni inazunguka, na uweke amri ya sensors iandike joto kila dakika kwenye mashine nyingine.

RAM huharibika mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 juu ya seva za Google ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM hupata makosa kila mwaka. Seva halisi hutumia RAM ya ECC, ambayo husahihisha biti moja iliyogeuka na kugundua mbili, na Linux huhesabu masahihisho hayo chini ya /sys/devices/system/edac. Kompyuta ya mezani haina kinga hiyo: biti hugeuka, na hakuna anayejua mpaka hesabu ya mwanachama isomeke vibaya. Memtest86+ iendeshwe usiku kucha, na ikikuta kosa hata moja, vipande vipimwe kimoja kimoja, katika tundu lilelile, ili ijulikane kama kibovu ni kipande au tundu.

Kuna jaribio dogo la kutenganisha RAM na diski ambalo nalipenda sana. Chukua faili kubwa kuliko RAM yote ya mashine, uipigie sha256sum, amri inayotoa alama ya pekee kutokana na yaliyomo kwenye faili, mara kadhaa. Diski, kwa zile biti zake za kusahihisha, karibu kila mara hurudisha data sahihi au hurudisha kosa. Ni nadra mno irudishe data ya uongo ikanyamaza. Majibu yakitofautiana na dmesg haina kosa lolote la diski, data inaharibikia njiani au kwenye RAM.

Kubadilisha, kununua, kutupa

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, uandike tarehe, na usubiri muda unaozidi pengo refu kabisa kati ya maanguko yaliyopita. Ukibadilisha diski, RAM na pawa saplai siku moja na seva ikatulia, hujui ni kipi kilichokuwa kibovu, na viwili vizima umevitupa.

Anayenunua diski katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi au kwenye maduka ya kompyuta zilizotumika aende na laptopu na kiunganishi cha USB, asome namba 9 ya SMART, ambayo ni saa za kazi, kabla ya kulipa. Hata hiyo huweza kufutwa: mwanzoni mwa 2025 iligunduliwa Ujerumani kwamba diski za Seagate zilizokwisha kutumika kwa maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa na wachuuzi kama mpya, hesabu zake za SMART zikiwa zimerudishwa sifuri. Kumbukumbu nyingine ya ndani, iitwayo FARM, haikuwa imefutwa, na smartctl -l farm katika matoleo ya kuanzia 7.4 huisoma. Saa za FARM zikizidi zile za SMART kwa mbali, rudisha diski.

Diski mbovu iliyotolewa bado ina majina, namba za vitambulisho na salio za watu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, data hiyo ikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari halisi ya madhara kwa wenyewe, taasisi hutakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Diski inayokataa kuandikwa haiwezi kufutwa kwa programu, kwa hiyo isiachwe kwa fundi kama malipo ya ziada, na isirudishwe chini ya dhamana kabla uongozi haujaamua kama thamani ya diski mpya inazidi siri za wanachama. Ikiamuliwa iharibiwe, sahani zitobolewe au zikatwe mbele ya shahidi. Ikiwa ni SSD, chipu zake zote za kumbukumbu zivunjwe, na namba ya utambulisho ya kiwandani ya diski hiyo iandikwe kwenye daftari la mali pamoja na tarehe na sahihi.